Pembe inakataa kuwa mraba: kutafuta kosa kwa urefu wa pande tatu

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unachukua pande tatu za pembetatu, unatafuta kipeo cha pili cha kila upande (urefu ukizidishwa kwa wenyewe), unajumlisha vile viwili vidogo na kulinganisha na kile kikubwa. Vikilingana, pembe inayotazamana na upande mrefu ni pembe mraba, nyuzi 90 kamili. Visipolingana, pembetatu hiyo haina pembe mraba hata moja.

Bado mwanafunzi wa Wete anapata "hapana" kwa pembetatu iliyo mraba kabisa, na fundi wa Fuoni anapata mita 3, 4 na 5 zake zote (9 + 16 = 25, kona ya mraba) halafu ukuta unakwenda upogo. Kanuni ya Pythagoras, inayofunga vipeo hivyo na pembe mraba, haina kosa hapo. Kosa limo kwenye namba zilizoingizwa, na kila aina ya kosa huacha alama yake. Ukiijua alama, huna haja ya kufuta kazi yote na kuanza upya. Nimewaweka wa daftari na wa kiwanjani pamoja kwa makusudi, kwa sababu wanakosea kwa njia zinazofanana kuliko wanavyodhani.

DALILI: Vipeo vimepishana mbali sana

Ukiona tofauti kubwa, usiishuku pembe kwanza. Shuku hesabu.

Kosa la mwanzo ni kuchagua vibaya upande mrefu. Maswali hayaandikwi kwa mpangilio. Ukipewa 8, 17 na 15, mkono unakimbilia namba mbili za mwanzo: 64 + 289 = 353, kisha 15 inatoa 225, na unaandika "si pembe mraba". Panga upya: 64 + 225 = 289, na 17 mara 17 ni 289 hiyo hiyo. Zungushia duara upande mrefu kabla ya kuandika chochote. Huo unakaa peke yake.

Kosa jengine ni kuzidisha kwa 2 badala ya kuzidisha namba kwa yenyewe. 3 inakuwa 6, 4 inakuwa 8, 5 inakuwa 10. Kisha 6 + 8 ni 14, na 14 si 10. Alama yake haifichiki: kila swali la zoezi linatoka "hapana". Pande mbili za pembetatu yoyote zikijumlishwa huuzidi wa tatu, kwa hiyo ukiziongeza zote maradufu jumla haiwezi kulingana hata siku moja. Zoezi zima likitoka "hapana", rudi swali la kwanza uangalie 3 yako iligeuka nini.

Halafu kuna vipimo vilivyochanganywa. Mita 1.5, sentimita 200 na sentimita 250 ni pembetatu ya pembe mraba (2.25 + 4 = 6.25 ukiweka zote kwa mita), lakini ukitia 1.5 pamoja na 200 bila kugeuza, hutafika popote. Hili huonekana upesi. Linalojificha ni la futi na inchi, na huku kwetu Zanzibar mafundi wengi bado wanazungumza kwa futi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu kidogo.

Tuseme umepima kona ya chumba ukapata futi 3 inchi 6, futi 12, na ulalo, yaani upande mrefu unaounga ncha za zile mbili, futi 12 inchi 6. Ukiandika 3.6, 12 na 12.6 kwenye kikokotoo, unapata 12.96 + 144 = 156.96 upande mmoja na 158.76 upande wa pili. Tofauti si ya kutisha, inakaribia, na ndiyo maana inadanganya: utadhani kona imekosea kidogo na utaanza kuvuta kigingi kilichokuwa mahali pake. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo inchi 6 ni nusu futi. Namba sahihi ni 3.5, 12 na 12.5, zinazotoa 12.25 + 144 = 156.25, na 12.5 mara 12.5 ni 156.25. Kona imenyooka kabisa. Njia salama zaidi ni kugeuza zote kuwa inchi tupu: 42, 144, 150. Hapo unapata 1764 + 20736 = 22500, na hakuna nukta ya kukuchanganya.

Kwa wa sekondari, chungua pia pande zenye alama ya kipeuo cha pili (√). Pande 5, 2√6 na 7 ni za pembe mraba: 25 + 24 = 49. Anayepata 25 + 12 = 37 amesahau kuwa ile 2 iliyo nje ya alama nayo inazidishwa kwa yenyewe. Ni 4 mara 6, siyo 2 mara 6.

Na kabla hujatoka hapa, hakikisha pembetatu ipo. Pande 5, 8 na 14 haziwezi kukutana, kwa sababu 5 + 8 ni 13 tu. Mwenye haraka ataandika kwamba 89 ni ndogo kuliko 196, basi pembe ni butu, imezidi nyuzi 90. Hakuna pembe ya kuipa jina.

DALILI: Zinakaribia, lakini hazilingani

Hapa jibu linategemea namba zilikotoka.

Kama swali limesema pande ni 7, 7 na 9.9, basi ni 9.9 kamili. 49 + 49 = 98, na 9.9 mara 9.9 ni 98.01. Hazilingani, kwa hiyo si pembe mraba. Pembe imezidi nyuzi 90 kwa chembe. Katika daftari "karibu sawa" haipo.

Kama wewe mwenyewe ndiye uliyezikata namba, kosa ni lako na si la pembetatu. Linatokea sana kwenye maswali ya grafu. Chukua kona A(1, 2), B(4, 6) na C(8, 3). Mwanafunzi anatafuta urefu: AB ni 5, BC ni 5, AC ni 7.07. Kisha anarudisha vipeo: 25 + 25 = 50, lakini 7.07 mara 7.07 ni 49.98. Anakwama. Hakuhitaji kutafuta kipeuo hata kidogo! Kutoka A hadi C ni hatua 7 za kulala na 1 ya kupanda, kwa hiyo kipeo cha pili cha AC ni 7 × 7 + 1 × 1 = 50, kilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo. Unapopima pembe kwa pande, ishia kwenye vipeo.

Kiwanjani ni jambo jengine. Hakuna tepu inayotoa namba kamili, kwa hiyo vipeo havitalingana hadi nukta ya mwisho, na anayetaka vilingane hivyo hatajenga. Swali la fundi ni hili: kupishana huku kutaupeleka ukuta wangu upogo kiasi gani? Hesabu yake inafanyika kwa kikokotoo cha simu. Chukua kipeo cha upande mrefu, toa jumla ya vipeo vya pande fupi, kisha gawa kwa mara mbili ya pande fupi zikizidishwa. Jibu ni upogo kwa kila mita ya ukuta.

Mfano: umepima mita 3 na mita 4, ulalo umesoma 5.02. Kipeo chake ni 25.2004, ukitoa 25 inabaki 0.2004. Mara mbili ya 3 × 4 ni 24. Gawa, unapata 0.00835, yaani milimita 8 na kitu kwa kila mita. Ukuta wa mita 10 utamalizikia zaidi ya sentimita 8 nje ya mstari. Kwa banda la kuku, endelea. Kwa nyumba utakayoiwekea marumaru, simamisha kazi.

DALILI: 3, 4, 5 imetoka vizuri, ukuta bado umekwenda upogo

Hii ndiyo inayoleta maneno kati ya mwenye nyumba na fundi, na sababu zake ni nyingi. Karibu zote zinaeleweka ukishika jambo moja: pande tatu zikizidishwa kwa namba moja, pembe haibadiliki, zikiongezwa namba moja, pembe inaharibika.

Angalia tepu ya kitambaa iliyochakaa na kuvutika. Inaposema mita 3, 4 na 5, huenda kwa kweli ni 3.03, 4.04 na 5.05. Vipeo: 9.1809 + 16.3216 = 25.5025, na 5.05 mara 5.05 ni 25.5025. Nyumba itakuwa kubwa kuliko ramani, lakini kona ni mraba. Kwa sababu hiyo hiyo huhitaji hata tepu. Chukua ufito wa urefu wowote, upime mara 3, mara 4 na mara 5. Au gawa kamba sehemu 12 zilizo sawa. Tepu mbovu inayokosea kwa uwiano mmoja haiharibu pembe, ilimradi pande zote tatu umezipima kwa tepu hiyo hiyo. Ukipima pande mbili kwa yako na ulalo kwa ya jirani, umeuvunja uwiano.

Sasa angalia kuongeza. Ncha ya tepu imekatika, fundi anashikilia kwenye alama ya sentimita 10 na anasahau kuziongeza anaposoma. Pande zake za kweli ni 2.90, 3.90 na 4.90. Amekosea sawasawa kila upande, na moyo unamwambia kosa limejifuta lenyewe. Halikujifuta: 8.41 + 15.21 = 23.62, na 4.90 mara 4.90 ni 24.01. Kona imefunguka karibu nyuzi 91, na ukuta wa mita 12 unamalizikia kama sentimita 20 nje. Akisahau kwenye ulalo peke yake, itakuwa karibu nusu mita.

Kosa hilo lina ndugu yake. Kiwanja kikubwa, 3-4-5 inaonekana ndogo, mtu anaongeza mita moja kila upande na kutumia 4, 5, 6. Vipeo ni 41 na 36, pembe imebana hadi kama nyuzi 83. Wanafunzi nao wanaamini kwamba namba yoyote tatu zinazofuatana zitafaa. Ni 3, 4, 5 tu. Anayetaka uhakika aandike n² + (n + 1)² = (n + 2)² na kulifumbua; linabaki n² − 2n − 3 = 0, na jibu chanya ni 3 basi. Ukitaka pembetatu kubwa, zidisha: 6, 8, 10 au 9, 12, 15.

Na kubwa ndiyo ya kutumia. Sentimita 1 ya makosa kwenye ulalo wa 5 inapeleka ukuta wa mita 12 nje kwa sentimita 5. Sentimita hiyo hiyo kwenye ulalo wa 10 inapeleka sentimita 2 na nusu. Anayejipimia kona kwa sentimita 30, 40 na 50 kisha anavuta uzi mita 12, kosa la sentimita 1 linampeleka nusu mita. Guni na skwea ya chuma, vifaa vya mkononi vya kupimia kona, vina udhaifu huo huo: ni vizuri kwenye fremu ya mlango, ni vidogo kwa msingi.

Sababu ya mteremko inahitaji jicho la karibu zaidi, hasa Pemba, ambako vilima na mabonde havikuachi mbali. Ukilaza tepu juu ya ardhi inayoteremka, unapima urefu wa ardhi, ilhali nyumba inasimama juu ya urefu uliolala sawa na maji. Kama upande mmoja wa kona unakwenda sawa na mwingine unateremka moja kwa moja, urefu utakuwa mfupi kuliko ulivyosoma lakini pembe itasalimika. Hatari ni kiwanja kinachoteremka pande zote mbili. Sema upande wa mita 3 unashuka sentimita 30, wa mita 4 unashuka sentimita 40, na tepu juu ya ardhi imesoma 3, 4, 5 bila kasoro. Urefu wa kulala una vipeo 8.91 na 15.84, jumla 24.75. Ncha za ulalo zimepishana kimo kwa sentimita 10 tu, kwa hiyo kipeo chake ni 24.99. Pembe ya nyumba imefunguka, na upogo ni kama sentimita 1 kwa kila mita. Fundi atapima tena na tena juu ya ardhi ile ile na kila mara atapata 5. Dawa ni kuinua vigingi, kuvuta nyuzi zote kwenye kimo kimoja kwa mpira wa maji, kupima juu ya nyuzi, na kushusha alama chini kwa timazi.

Zaidi ya hayo kuna madogo: kupima kutoka ubavuni mwa kigingi badala ya msumari uliogongwa juu yake, tepu kulegea katikati, upepo wa kaskazi kuusukuma uzi mrefu. Yote yanaonekana ukiinama na kutazama.

DALILI: Haikulingana, na sijui nivute wapi

Kipeo cha upande mrefu kikizidi, pembe ni butu, kona imefunguka. Kikipungua, pembe ni kali, kona imebana. Wanafunzi wengi wanaishia "si pembe mraba" na kuacha habari hii mezani, ilhali mara nyingi ndiyo inayoulizwa.

Kwa fundi, habari hiyo ni maelekezo. Rudi kwenye ulalo wetu wa 5.02. Umezidi, basi ncha ya upande wa mita 3 isogezwe kuelekea upande wa mita 4. Usiisogeze sentimita 2 kwa kuwa ulalo umezidi sentimita 2, maana haitatosha: isogeze 2 na nusu, kwa sababu unasogea sambamba na ukuta wa mita 4 na si kwa kuufuata ulalo. Ukiwa na msaidizi na tepu mbili, huna haja ya hesabu. Kaza ukuta wa mita 4, mmoja ashike 3 kutoka kwenye kona, mwingine ashike 5 kutoka ncha ya pili, na pale tepu zinapokutana pigilia kigingi.

DALILI: Jibu ni sahihi, maalim amekata maksi

Mara nyingi mwanafunzi ameanza na "kwa kanuni ya Pythagoras, a² + b² = c²", akatia namba, akahitimisha kwamba pembe ni mraba. Ametumia kama ushahidi kitu alichotakiwa kukithibitisha. Kanuni ya Pythagoras inasema: pembe ikiwa mraba, vipeo vitalingana. Tunachokihitaji ni kinyume chake: vipeo vikilingana, pembe ni mraba. Hizo ni hoja mbili. Euclid, kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo, alizithibitisha mbali mbali, ya pili mara tu baada ya ya kwanza.

Ya pili inathibitika hivi, na inafaa kila mwanafunzi aipitie kwa mkono wake. Una pembetatu yenye pande a, b, c, unajua a² + b² = c², pembe huijui. Chora nyingine pembeni, safari hii uanze na pembe mraba, na pande zinazoikumbatia uzipe urefu a na b. Hii ina pembe mraba kwa kuchorwa, kwa hiyo Pythagoras anaruhusiwa kuingia: kipeo cha upande wake wa tatu ni a² + b², ambacho ni c². Basi upande huo ni c. Sasa una pembetatu mbili zenye pande tatu zile zile, na pembetatu za namna hiyo hulaliana bila kupishana. Pembe ya pili ni mraba, kwa hiyo na ya kwanza.

Katika kuandika, hesabu kila upande peke yake. Mstari mmoja: kipeo cha upande mrefu ni 289. Mstari mwingine: jumla ya vipeo vya pande fupi ni 64 + 225 = 289. Ndipo useme ni sawa, kwa hiyo pembe ni mraba, na utaje ni ya kona gani: ile inayotazamana na upande mrefu. Kuacha kuitaja kona ni maksi nyengine inayopotea bure.

DALILI: Chumba cha nyumba ya zamani kinatoa jibu tofauti kila unapopima

Katika nyumba za Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa ni nene na plasta yake imerudiwa mara nyingi. Ukuta umetuna hapa, umebonyea pale. Ukipima kona kwa mita 1.5, 2 na 2.5 unapata jibu moja. Ukipima kwa 3, 4, 5 unapata jengine, na yote mawili umeyapima vizuri. Kipimo kinataka pande zilizonyooka. Vuta uzi mbali kidogo na ukuta, uguse pale tu ulipotuna zaidi, na upime nyuzi. Kama unaweka marumaru, fuata kona ya nyuzi, na tofauti iishie kwenye vipande vya kukata vya pembeni. Kuung'ang'ania ukuta ni kuubebesha upogo wake sakafu nzima.

DALILI: Ulalo mbili ziko sawa, lakini umbo si mstatili

Watu wengi huruka pembetatu, wanapima ulalo mbili za msingi, wakiona sawa wanamwaga zege. Chukua sakafu ya kuanikia karafuu iliyokusudiwa kuwa mita 6 kwa 8. Kwa bahati mbaya upande mfupi mmoja umekuwa 5.80 na wa pili 6.20, pande ndefu zikabaki 8 kila moja. Ulalo zote mbili zinatoka mita 9.998. Ziko sawa, na zimepungua milimita 2 tu kwenye ile 10 unayoitarajia. Kila fundi angeridhika. Lakini jaribu pembetatu ya ule upande mfupi zaidi: 5.80 inatoa 33.64, ukijumlisha na 64 ni 97.64, na ulalo unatoa 99.96. Pembe ni butu, kwa upogo wa sentimita 2 na nusu kila mita. Ulalo kuwa sawa kunatosha pale tu pande zinazotazamana nazo zimepimwa zikawa sawa, zote nne. Pima hizo kwanza, halafu ulalo, kisha mwaga zege.